Nimechunga farasi Kentucky miaka mitatu, sasa nipo Mtwara. Karibuni tuzungumze

#1 MwanaShangani

Wakuu salaam, wazee shikamooni.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo naanza leo. Jumapili tulikuwa kijiweni Magomeni, hapa hapa Mtwara. Kijana mmoja akafungua kwenye simu marudio ya Kentucky Derby, mbio za farasi za Marekani ambazo kila mwaka hufanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 5. Ni kilomita 2 tu, dakika 2 zimekwisha. Watu wakauliza, uwanja umefurika hivi kwa ajili ya dakika 2? Nikaanza kueleza, kahawa ikapoa, adhuhuri ikaadhiniwa bado nipo katikati. Mzee mmoja akaniambia, mwanangu, haya yaandike.

Nilipata viza ya bahati nasibu, nikaangukia Lexington, mji wa jimbo la Kentucky. Kazi ya kwanza niliyoipata ndiyo niliyodumu nayo: kuhudumia farasi kwenye shamba la kuzalisha, nje kidogo ya mji. Shamba lenyewe silitaji. Walinipokea vizuri na sina kinyongo nao.

Kwanza muijue nchi. Lexington hujiita mji mkuu wa farasi duniani. Ukitoka mjini kwa njia yoyote unakutana na vilima vya majani laini, uzio wa mbao uliopakwa rangi nyeusi au nyeupe, na mabanda ambayo familia nzima ingeishi kwa raha. Majani hayo wenyeji wanasema ni ya bluu. Kwa macho yangu ni ya kijani kama ya kwetu mwezi wa 3. Chini yake kuna jiwe la chokaa, na wafugaji wanasema chokaa hiyo hupanda kwenye majani na kwenye maji, ikajenga mifupa ya watoto wa farasi. Jiwe la chokaa hata sisi tunalo, ndilo linalosagwa kuwa saruji pale Msijute. Kwa hiyo jiwe peke yake halikutosha.

Farasi wanaowafuga sana ni Thoroughbred, mbegu ya mbio. Ukifuata ukoo wa kiume wa kila mmoja wao unafika kwa madume 3 yaliyopelekwa Uingereza kutoka nchi za Waarabu na Waturuki, miaka 300 hivi iliyopita. Mtoto akizaliwa anapimwa vinasaba kuthibitisha baba na mama. Na mbegu haipandikizwi kwa mpira wala sindano: sheria ya daftari lao la ukoo inataka dume na jike wakutane wenyewe. Ndiyo maana dume bora ni mali kuliko ghorofa. Dume aliyeitwa Storm Cat alifikia ada ya dola 500,000 kwa jike mmoja.

Sheria nyingine ilinishangaza zaidi. Thoroughbred wote wa upande wa kaskazini wa dunia huongezwa mwaka siku moja, tarehe 1 Januari, hata aliyezaliwa mwezi wa 5. Derby ni ya farasi wa miaka 3 tu. Basi wa Januari na wa Mei wanahesabiwa umri mmoja wanapopangwa kwenye mstari, na kwa farasi mchanga miezi 4 ni mifupa na misuli. Kila mwenye shamba anataka mtoto azaliwe mapema, ila asizaliwe Desemba, maana wiki mbili baadaye ataambiwa ana mwaka. Jike hubeba mimba miezi 11, na kwa maumbile yake hapandwi wakati wa baridi, siku zikiwa fupi. Kwa hiyo kuanzia Desemba tulikuwa tunawasha taa mabandani, saa 16 za mwanga kila siku, mwili wake uamini kwamba siku zimerefuka na majani yameota.

Kazi yangu ilikuwa hapo. Zamu ya usiku, Januari hadi Mei.

Farasi huzaa usiku. Kwa miaka yote 3 waliozaa mchana niliwahesabu kwa vidole. Unapita na tochi banda kwa banda. Chuchu zimetoa matone kama nta? Mkia umelegea? Ubavu umelowa jasho? Akianza, ndani ya nusu saa mtoto yuko chini kwenye majani makavu. Tulifundishwa hesabu ya 1, 2, 3: saa ya 1 mtoto awe amesimama, saa ya 2 awe amenyonya, saa ya 3 kondo liwe limetoka. Moja kati ya hayo likichelewa unampigia daktari, hata iwe saa 9 za usiku na theluji imefunika barabara.

Usiku mmoja wa Februari nilikuwa zamu na mzee kutoka Mexico, mwenye miaka 30 kwenye kazi ile. Jike akaanza. Tukaona mguu mmoja wa mbele, tukaona pua, mguu wa pili haupo. Umekunjika ndani. Mzee akavua koti, akapaka mkono mafuta, akangoja uchungu ulegee, akamrudisha mtoto nyuma taratibu, akautafuta ule mguu, akaifunika kwato kwa kiganja chake isichane kizazi, akaunyoosha. Daktari anafika, mtoto keshatoka. Tukamkausha kwa mataulo, mimi namsemesha Kiswahili: simama baba, simama. Alisimama dakika ya 50.

Mtoto yule aliuzwa mwaka uliofuata kwa fedha ambazo hapa zingejenga mtaa. Kitabu cha mnada kilikuwa na jina la baba yake, la mama yake, la bibi yake, na la shamba. Mzee wa Mexico alikuwa nje ya ukumbi ameshika hatamu, na hakuna aliyemuuliza neno.

Jambo hilo nimerudi nalo. Utajiri wa mji ule umepita mikononi mwa watu ambao majina yao hayako kwenye kitabu chochote, na mimi nimewaona wakifanya kazi. Ulizeni, nitajibu ninayoyajua.

#2 KoroshoSafi

Karibu sana mkuu. Mimi ni mkulima wa korosho, Tandahimba. Umetaja mnada. Huo wa farasi unakwendaje? Sisi mnada tunaujua, ikifika mwezi wa 10 kila nyumba roho juu.

#3 MwanaShangani

Mkuu KoroshoSafi, mnada mkubwa ni wa Septemba, uwanja wa Keeneland, Lexington. Wanapita farasi 4,000 hivi wa mwaka mmoja mmoja, kwa muda wa wiki mbili. Kila mmoja amebandikwa namba kwenye nyonga.

Kabla ya kuingia ukumbini wanunuzi wanakuja mabandani. Unamtoa farasi, unamsimamisha, unamtembeza uende, unarudi. Anakuja mwingine, unaanza upya. Kuna siku nilimtembeza mmoja tangu asubuhi hadi miguu yangu ikavimba, naye farasi ndiyo kwanza anataka kucheza. Picha za eksirei za viungo vyake na video ya koo lake zimewekwa mahali pamoja, daktari wa mnunuzi yeyote anakwenda kuziangalia. Halafu ndani, dalali anaimba bei, dakika 2 au 3 imekwisha. Mwenye farasi amekwisha andika bei yake ya chini kwa siri. Isipofikiwa, farasi anarudi nyumbani.

Mwaka 1985 hapo hapo Keeneland farasi wa mwaka mmoja, Seattle Dancer, aliuzwa dola milioni 13.1. Mwaka 2006 huko Florida The Green Monkey akanunuliwa kwa dola milioni 16. Hakushinda mbio hata moja. Walikuwa na eksirei, nasaba na madaktari, na bado farasi aliamua mwenyewe.

#4 KoroshoSafi

Hiyo bei ya chini ya muuzaji nasi tunayo kwa namna yetu. Korosho ipo ghalani, stakabadhi imetoka, zabuni zinasomwa, wakulima tunakubali au tunakataa. Tumeshawahi kukataa na tukalala na mzigo wetu.

Ila hilo la nasaba limenikaa moyoni. Mimi napulizia salfa kwa wakati, naokota kila siku, naanika kwenye turubai siku 3, nachambua mbovu. Nikifika ghalani inamwagwa pamoja na ya mtu aliyeokota na mchanga wake. Zote daraja la kwanza, bei moja. Kisha zinapanda meli zikiwa na maganda, zinabanguliwa India au Vietnam, na anayezitafuna hajui kama kuna mahali panaitwa Tandahimba. Farasi wako angalau mama yake anatajwa.

#5 DogoChuno

Wakubwa, mbona jibu liko wazi? Tulete farasi! Msimbati ufukwe ni mrefu na mchanga umeshikana hadi magari yanapita. Watalii wapande, watoto wapigwe picha. Zanzibar na Dar wapo farasi wa ufukweni. Nani ana mtaji tuungane?

#6 MifugoNachi

DogoChuno mdogo wangu, usinunue tiketi ya kwenda kumtafuta huyo farasi kabla hujasoma hapa. Mimi ni mtu wa mifugo, nipo Nachingwea, miaka mingi kazini.

Farasi kusini ana maadui wawili. Wa kwanza ni ndorobo, wengine mnamwita mbung'o. Akiuma anaacha vijidudu kwenye damu, mnyama anakonda, anaishiwa damu, macho yanatoa machozi, miguu inavimba, anakufa. Ng'ombe tunamtibu kwa sindano na mwingine anapona. Farasi ni dhaifu zaidi. Kaskazini na magharibi kwetu ni mapori, Liwale yote ile hadi Hifadhi ya Nyerere, na huko ndorobo ana nyumba.

Wa pili ndiye mbaya, na wengi hawamjui. Ni ugonjwa wa virusi ambao wataalamu wanauita ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaenezwa na visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyotoka jioni palipo na unyevu. Pundamilia anavibeba virusi bila kuugua. Punda anaugua kidogo au haonyeshi kitu. Farasi mgeni mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani, na kwa aina kali ya ugonjwa siku chache zinatosha. Katika farasi 10 wasio na kinga, 7 hadi 9 wanaweza kufa. Chanjo ipo, Afrika Kusini wanaitengeneza na kuitumia, lakini ina masharti yake na gharama zake. Hao wa Zanzibar na Dar wana wenyewe walio na uwezo na daktari karibu. Inawezekana kuwa na farasi 2 wa ufukweni. Kuwa na nchi ya farasi, hapana. Ardhi hii imekataa tangu enzi.

Farasi haogopi simba peke yake. Anaogopa kidudu usichokiona.

#7 MwanaShangani

Daktari, asante. Hata Kentucky ardhi iliwahi kuwageuka. Mwaka 2001, wakati wa majira yao ya kuota majani, majike yakaanza kutoa mimba kwa mamia, shamba baada ya shamba. Walidhani maji, wakadhani ukungu wa majani, wakadhani sumu ya mti. Mwishowe ikaonekana ni viwavi wanaokaa kwenye miti ya cheri mwitu. Mwaka huo walizidi, wakatambaa malishoni, farasi wakawameza pamoja na majani. Vinyweleo vya kiwavi vinachoma utumbo, bakteria wanapita na kufika kwa mtoto tumboni. Wazee niliofanya nao kazi walikuwa bado wanausimulia mwaka ule kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja njaa. Chuo Kikuu cha Kentucky kina kituo kizima cha utafiti wa farasi, nao walishika kazi. Sasa mashamba mengi yamekata ile miti karibu na malisho, na msimu wa viwavi ukifika kila mtu anaangalia juu.

#8 KoroshoSafi

Kama sisi na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Bila wale watafiti wa kilimo wa Naliendele tungekuwa tumekata mikorosho tukachoma mkaa.

#9 MzeeMikindani

Marahaba wanangu. Nimesomewa uzi huu na mjukuu na ninamtuma aandike.

Anayosema daktari yalijaribiwa hapa kwetu zamani. Livingstone, katika safari yake ya mwisho, alishukia Mikindani mwezi wa 3 mwaka 1866. Kwanza alitaka kuingilia mdomo wa Ruvuma, mikoko ikamzuia kushusha wanyama. Akaja kwenye ghuba yetu. Alikuwa na ngamia 6, nyati wa India 3 na ndama wao, nyumbu wa kubebea 2 na punda 4. Alitaka kuona kama wanyama hao watastahimili ndorobo, kwa sababu wakistahimili, mizigo ya bara itabebwa na mnyama na biashara ya watumwa itapungua nguvu. Ndivyo alivyofikiri.

Wakaondoka na kuifuata Ruvuma. Ndorobo wakawauma, na askari wa Kihindi aliokuja nao wakawa wanawapiga na kuwapakia kupita kiasi, hata mwenyewe akashindwa kusema kwa hakika ni nini kilichowaua. Hawakufika mbali. Wapagazi ndio waliofika.

Tulipokuwa watoto tulionyeshwa mahali inaposemwa alifikia. Wageni bado wanaletwa kupaona. Hakuna anayewauliza wageni hao kama wanajua habari za wale ngamia.

#10 NgataYaBabu

Shikamoo mzee wangu. Neno "wapagazi" limeniamsha.

Kwetu ni Mtama. Babu wa baba yangu alichukuliwa shambani mwaka 1917, vita vya Wajerumani na Waingereza. Mwaka uliotangulia Waingereza walikuwa wamekuja nchi hii na askari wa Afrika Kusini waliopanda farasi. Farasi wakafa kwa maelfu, kwa haya haya aliyoandika daktari. Askari waliokuja wamepanda wakatembea kwa miguu. Risasi, unga, mahema na majeruhi nani atabeba? Wakabeba watu. Wanahistoria wanataja wapagazi wapatao milioni moja kwa upande wa Waingereza peke yao kwa miaka yote ya vita. Kikosi chao ndicho kilichoacha jina la Kariakoo kule Dar, na wengi wanaopita sokoni hawajui kwamba wanataja jina la kikosi cha mizigo.

Oktoba 1917 wakakutana Mahiwa, hapo jirani na kwetu, siku 4 za mauaji. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno. Babu alikuwa na mzigo wa kilo 25 hivi kichwani kutoka Lindi, siku baada ya siku. Alirudi. Ndugu zake wawili hawakurudi, na hakuna kaburi tunaloliombea dua. Baba alikuwa akisema utosini kwa babu hapakuota nywele tena hadi anakufa, na ngata yake ilitunzwa juu ya dari kwa miaka mingi mpaka mchwa walipoila.

Watu huniuliza kwa nini nimechagua jina hili humu. Basi ndiyo sababu.

#11 DogoChuno

Nimesoma mara mbili. Kumbe farasi walipokufa sisi ndio tuliokuwa farasi. Nifute lile la mtaji.

#12 LindiMjini

Ongezeni na Tendaguru, maana ni mlango huo huo. Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Mifupa zaidi ya tani 200 ilitoka porini ikaja bandarini Lindi juu ya vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mnyama wa kubeba hayupo, ndorobo. Yule mkubwa aliyesimamishwa Berlin ana urefu wa mita 13 kwenda juu, na mifupa yake imepita vichwani na mabegani mwa watu wa huku.

Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wazungu wenyewe waliandika kwamba alikuwa fundi wa kuitambua na kuitoa mifupa. Mwaka 2007 aina moja ya dinosaria wa Tendaguru ikapewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Miaka 90 na zaidi baadaye. Mimi huwasimulia watoto wangu kila tukipita bandarini.

#13 MwanaShangani

Ndugu zangu, nimekaa na simu nikashindwa kuandika kwa muda. NgataYaBabu, pole kwa wazee wako.

Sikutegemea uzi ufike hapa, lakini umefika pale pale nilipotaka kupaeleza. Nitaongeza la Kentucky.

Derby ya kwanza ilikuwa 1875. Walipanda watu 15, na 13 kati yao walikuwa weusi. Aliyeshinda ni Oliver Lewis, mweusi, juu ya farasi Aristides, na aliyemfundisha farasi huyo ni Ansel Williamson, mtu aliyezaliwa utumwani. Kabla utumwa haujakomeshwa, weusi ndio waliokuwa wanalala mabandani, wanawazalisha majike, wanawafundisha farasi kukimbia. Elimu yote ya kazi ile ilikuwa mikononi mwao. Isaac Murphy alishinda Derby mara 3, mwaka 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902. Baada yake hajashinda mweusi mwingine hadi leo. Mbio zilipoanza kuwa na fedha nyingi, wazungu wakawabana uwanjani, wakawasukuma kwenye uzio, wenye farasi wakaacha kuwapa kazi. Winkfield akahamia Urusi, akawa bingwa huko. Baada ya 1921 hakuna mweusi aliyepanda kwenye Derby mpaka mwaka 2000. Waliobaki walibaki mabandani, wenye brashi na ndoo.

Kulikuwa na farasi mashuhuri, Man o' War. Mhudumu wake Will Harbut alikuwa naye miaka mingi, akiwasimulia wageni sifa zake. Harbut alifariki mwezi wa 10 mwaka 1947. Farasi naye akafa tarehe 1 Novemba, haujapita mwezi. Na Secretariat, aliyeweka mwaka 1973 muda wa Derby ambao haujavunjwa, dakika 1 na sekunde 59 na nukta 4, alihudumiwa na Eddie Sweat. Sweat alilala naye, alisafiri naye, alimjua kwa pumzi. Alifariki 1998 hana mali.

Nilipokuwa kule, mabanda yalikuwa ya watu wa Mexico na Guatemala. Mjini kuna Wakongo wengi, Kiswahili unakisikia sokoni na shuleni mpaka unasahau uko wapi. Kazini nilikuwa na mmoja wa Bukavu. Usiku wa kuzalisha tulikuwa tunaelekezana kwa Kiswahili: shika kichwa, vuta sasa, ngoja, vuta. Yule mzee wa Mexico aliishia kujua "ngoja".

Nilirudi mama alipougua. Watu wananiuliza, elimu ya farasi utaifanyia nini Mtwara? Sijapata jibu la kuwapa.

#14 BintiNewala

Kaka MwanaShangani, shikamoo, na wakubwa wote humu. Mimi siyo mwandikaji, lakini hilo swali lako la mwisho naomba nilijibu.

Huku Newala maji ni habari ndefu. Bibi zetu walishuka bondeni alfajiri na kupanda na mtungi kichwani, jua limeshakuwa kali. Sasa mabomba yapo, ila mtaani kwetu yakikatika wiki nzima tunafuata maji mbali, ndoo kichwani kama bibi. Kikundi chetu cha akina mama kilichanga tukanunua punda 2 na kupata mkokoteni. Miezi ya kwanza tulishukuru Mungu. Mwezi uliopita mmoja akaanza kuchechemea. Kwato zimerefuka mbele zimepinda juu kama viatu vya Kiarabu. Fundi mmoja akasema tukate kwa panga. Mama akakataa. Tumewasimamisha kazi, ndoo zimerudi kichwani.

Wewe uliyeshika kwato za farasi wa mamilioni, za punda wetu unaziweza?

#15 MwanaShangani

Dada, naziweza. Na mwambie mama amefanya vyema kukataa panga, ndani ya kwato kuna nyama na damu.

Nijibu haya. Ukiinua mguu ukatazama chini, kuna sehemu laini ya pembe tatu. Inanuka? Ina rojorojo nyeusi? Na wanalala wapi, pakavu au kwenye tope?

#16 BintiNewala

Inanuka, mguu wa nyuma wa kushoto. Wanalala nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Mvua ikinyesha panakuwa tope.

#17 MifugoNachi

Hapo ndipo penye shida. Punda ni mnyama wa nchi kavu, asili yake ni jangwa, kwato zake zinafyonza maji kuliko za farasi. Wahamisheni leo, sakafu iwe ya mchanga mkavu au magogo, na paa la makuti juu. Kila jioni mtoe tope kwa kijiti butu, msugue kwa brashi kavu, kisha mpake ayodini ile ya vidonda kwenye sehemu inayonuka. Usimpe pumba nyingi ukidhani unamsaidia, majani makavu yanamtosha. Akishiba vya nguvu bila kazi, kwato zinapata moto ndani na hapo atalala kabisa. Na huko uwandani palipolimwa mikorosho ndorobo ni wachache kuliko mapori ya kwetu, ila akikonda bila sababu muiteni mtu wa mifugo apime damu.

#18 MwanaShangani

Sina la kumsahihisha daktari. Mimi nitafanya hili: kisu cha kwato na tupa lake nilirudi navyo, viko kwenye begi chini ya kitanda tangu nimeshuka uwanja wa ndege. Jumamosi nitapanda gari la asubuhi nije. Kwato iliyorefuka kiasi hicho haikatwi yote siku moja, mnyama atashindwa kukanyaga. Tutapunguza kidogo, baada ya wiki 4 tena, mpaka irudi mahali pake, halafu kila baada ya wiki 6 hadi 8. Nitamfundisha mmoja wenu kila hatua, nikirudi Mtwara kazi isisimame. Hela sitaki, mniwekee tu ugali.

Nina ombi moja. Kule kila farasi ana daftari. Nunueni daftari la shule. Tutaandika jina la kila punda, siku aliyokatwa kwato, dawa aliyopewa, na jina la anayemhudumia.

#19 KoroshoSafi

Gari linapita Tandahimba. Nitakungoja stendi na mfuko wa korosho za kubangua mwenyewe. Uandike zimetoka kwa nani.

#20 BintiNewala

Tumewahamisha jioni hii hii, vijana wamesaidia kukata makuti. Daftari tumenunua. Punda hawakuwa na majina, akina mama wanabishana mpaka sasa.

Anayewahudumia ni mama. Nimemwambia jina lake litaandikwa, akauliza, "La kwangu?" Nikamwambia ndiyo. Ametoka kwenda kuwaongezea majani.